Mwitikiaji wa Msitu

Nchi ninayoisimulia haipo. Msomaji atakayehisi kwamba amewahi kuikanyaga, au kulipa kodi humo, ajue ni ndoto tu, anywe maji, ageukie upande wa pili.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na Jimbo la Pwani ya Kijani, na jiografia yake ilikuwa nyepesi hata mtoto wa darasa la kwanza aliweza kuiimba. Juu, vilima. Chini ya vilima, msitu wa mivule, mibambakofi na misandarusi. Chini ya msitu, pale ardhi inapoanza kuwa tope, mikoko. Chini ya mikoko, bahari. Watu waliwekwa katikati ya vitu hivyo kama nyama ndani ya sambusa, na riziki yao ilitoka pande zote: asali na sandarusi kutoka juu, kaa na chumvi kutoka chini, boriti za kujengea kutoka kwenye mikoko. Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa wamenona kiasi, jambo ambalo serikali ililitazama kwa wasiwasi.

Tena walikuwa na adabu iliyopita kiasi. Hakuna aliyeingia msituni bila kupiga hodi. Awe mkata boriti, mrina asali, au bibi anayetafuta kuni za kuchemshia chai, alisimama kwenye mti wa kwanza, akagonga gome kwa vifundo vya vidole, akasema, "Hodi!" Kisha akasubiri. Ndege akilia, kima akikoroma, hata tawi likidondoka, hiyo ndiyo karibu yake. Aliingia, akachukua alichokifuata, akatoka. Akipiga hodi ya tatu asisikie kitu, alirudi nyumbani na shoka lake begani hata kama watoto walishinda na njaa. Kama mwenye nyumba hajaitika, utaingiaje?

Bahari nayo ilikuwa na adabu hiyo hiyo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida yake, ilikuja baada ya alasiri mpaka kwenye mikoko, ikapiga hodi zake tatu, mawimbi matatu mazito. Mikoko haikujibu. Ndiyo kazi yake, watu walisema, kusimama mlangoni na kunyamaza. Nyuma ya mikoko kijiji kizima cha Mkandaani kilinyamaza pia. Vinu vilisimama, punda walifungwa midomo, watoto wachanga walitiwa titi. Bahari ikisikia kimya ilidhani hakuna mtu, ikarudi zake. Hakuna aliyewahi kuiitikia ili aone litakalotokea. Watu wenye adabu hawana udadisi wa namna hiyo.

*

Nyamvula Chengo alizaliwa Mkandaani, akaolewa Mkandaani, akafiwa na mume Mkandaani, akabaki na binti mmoja, Mbeyu, na sauti. Sauti hiyo ilikuwa mali. Harusini, Nyamvula akiitikia wimbo kutoka uani, bwana harusi aliyekuwa bado njiani alikaza mwendo. Lakini sauti haiezeki nyumba. Mbeyu alikuwa mjamzito, mumewe alikuwa bara akitafuta kazi, na makuti ya nyumba yao yalivuja mpaka mvua ikikatika nje, ndani iliendelea.

Basi serikali ikaleta Maendeleo, nayo yalikuja kwa malori. Kampuni moja ilikuwa imepata wanunuzi wa mbao huko ng'ambo, watu wenye huruma nyingi, ambao hawakubali kulalia kitanda mpaka wahakikishiwe kwamba msitu wenyewe umeridhia kukatwa. Wakataji, ambao wote walikuwa vijana wa jimbo, walishuka na misumeno yao, wakasimama kwenye mti wa kwanza, wakapiga hodi. Nyuma yao injini zilinguruma. Ndege na kima walikuwa wamekwisha kimbilia vilimani. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Vijana wakapanda malori wakarudi makwao. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa pia.

Ikabidi Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Badi Mkumbaru, aje mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye suti nzito isiyojali joto. Alipandishwa juu ya gogo akahutubia.

"Ndugu wananchi! Msitu huu una kiburi. Umekaa hapa tangu enzi za mababu bila kuchangia hata senti katika pato la taifa, na sasa hata salamu hauitikii. Lakini serikali yenu sikivu imefanya uchunguzi wa kina na kugundua kwamba kosa si la msitu. Kosa ni upungufu wa watumishi! Msitu hauna msemaji! Kuanzia leo tunaanzisha nafasi ya Mwitikiaji Mkuu wa Msitu, atakayekaa ndani na kuitikia hodi kwa niaba ya miti yote, midogo kwa mikubwa, bila ubaguzi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu askari waliosimama nyuma yao walikuwa wamekwisha anza kupiga.

Usaili ulifanyika papo hapo. Mwombaji aliingia nyuma ya miti, Mheshimiwa akapiga hodi kutoka nje, mwombaji akaitika. Wa kwanza alikuwa Dzombo, mrina asali, mtu mzima anayependa mzaha.

"Hodi!" akasema Mheshimiwa.

"Mwenyewe hayupo!" ikajibu sauti ya Dzombo kutoka gizani.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mheshimiwa naye alicheka, tena alicheka muda mrefu kuliko wote, akaendelea hata wengine walipokwisha nyamaza. Dzombo akapakiwa kwenye gari jeupe apelekwe mji mkuu kwa kozi ya ukarimu. Ni kozi ndefu. Mkewe bado anamwekea chakula.

Baada ya hapo waombaji wakakaukwa na mate. Mmoja aliitika kwa kikohozi, mwingine akalia. Zamu ya Nyamvula ilipofika, alisimama kati ya misandarusi akiwaza makuti yake, na tumbo la Mbeyu, na vumbi la gari jeupe ambalo lilikuwa halijatulia barabarani.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitika Nyamvula. "Karibu ndani, mgeni. Pita. Hapa ni kwako."

Yalikuwa maneno ya harusini, hakuwa na mengine. Sauti yake ikaujaza msitu, ikatoka upande wa pili. Wale vijana wakataji waliinamisha vichwa, wakatazamana, wakaingia na misumeno yao. Wangefanyaje? Wamekaribishwa. Katika jimbo lile mtu aliyekaribishwa na akakataa kuingia alionekana mchawi.

*

Nyamvula alipewa kofia yenye nembo ya mti, kiti cha plastiki na mshahara. Kila asubuhi alikaa kitini pake ndani ya msitu, hodi ikipigwa anaitika, na miti inaanguka. Msitu ulipopungua, kiti kilirudishwa nyuma kidogo, kuelekea baharini. Ulipopungua tena, kikarudishwa tena. Nyumba ya Mbeyu ikaezekwa mabati yaliyong'aa hata mtu aliye vilimani aliyaona, na chini ya mabati hayo Mbeyu akajifungua mtoto wa kike.

Uchumi ulikua kwa kasi ya kutisha. Redio ilitangaza kwamba eneo la msitu wa jimbo limeongezeka, kwa kuwa sasa limeenea mpaka ng'ambo. Kitabu cha jiografia kilichapishwa upya, na shuleni watoto walifundishwa kwa kuitikiana.

"Miti yetu iko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Imekwenda ng'ambo kusoma!"

"Na itarudi ikiwa nani?"

"Ikiwa kabati, mwalimu!"

Nyuki walihama, asali ikawa hadithi. Visima vikaingia chumvi, na Mheshimiwa akaja kukata utepe kwenye kimojawapo, akawapongeza wananchi kwamba sasa wanapata chumvi majumbani mwao bila kwenda ufukweni. Upepo wa bahari, ambao zamani ulizuiwa na msitu, ukaanza kupita moja kwa moja ukigonga madirisha, na watu wakawa wanaamka asubuhi wamechoka bila kujua walichofanya.

"Leo umekaribisha wapi, mama?" Mbeyu aliuliza jioni moja.

"Ile mivule ya karibu na kisima."

"Ile uliyonifundishia kupiga hodi?"

Nyamvula alivua kofia akaiweka magotini. "Mbeyu, mkono mtupu haulambwi. Hilo bati linakufunika wewe na mwanao. Kabla ya bati mlikuwa mnafunikwa na nini?"

"Na makuti," akasema Mbeyu. "Yalivuja, lakini visima vilikuwa vitamu."

Nyamvula aliivaa tena kofia yake. Ajabu, mtu anayelipwa kwa kuitika, nyumbani kwake alikuwa anakosa jibu.

Wakati huo ndipo alipokuja fundi kutoka mji mkuu, kijana mchangamfu mwenye sanduku la waya. Alisema anakusanya sauti mashuhuri kwa kumbukumbu za taifa. Alimketisha Nyamvula, akamwambia aseme maneno yake yale yale, mara kwa furaha, mara kwa utulivu, mara kwa sauti ya mama anayepokea mtu wa nyumbani. Kisha akamsikilizisha.

"Ni wewe mtupu, mama," alisema fundi. "Hata mtoto wako wa kumzaa hatatambua tofauti."

Nyamvula aliona fahari. Nasema kweli, aliona fahari, na alirudi nyumbani akiimba.

*

Hatimaye kiti kikafika kwenye tope. Nyuma hapakuwa na msitu tena, visiki tu mpaka vilimani. Mbele palikuwa na mikoko, na kati ya matawi yake bahari ilionekana imekaa. Nyamvula akigeuza shingo aliyaona mabati ya Mbeyu yakimeremeta, na kanga za mtoto juu ya kamba.

"Hodi!" wakasema vijana.

Nyamvula akanyamaza.

"Hodi!"

Akauma mdomo. Hodi ya tatu ilipopita bure, vijana walishusha pumzi kama watu walioponea chupuchupu, wakajitwika misumeno, wakaenda zao karibu wakikimbia.

Mheshimiwa alikuja kesho yake, suti ile ile, miguuni mabuti ya mpira.

"Bibi Nyamvula, koo linauma?"

"Koo langu zima, Mheshimiwa."

"Basi mbona huitiki?"

"Mheshimiwa, huu ni mlango. Nyuma yake kuna kijiji. Bahari ikija bamvua, hapa ndipo inapogota. Tukiung'oa mlango..."

"Nyumba inapata hewa," akasema Mheshimiwa.

"Nina mjukuu pale." Nyamvula alinyoosha kidole. "Yale mabati yanayong'aa. Chukueni kofia, chukueni na mshahara, lakini hapa siitiki. Nipelekeni na kwenye hiyo kozi, nitamkuta Dzombo."

Mwenyewe alishangaa kusikia maneno hayo yakimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu avae kofia alijisikia mwepesi. Laiti Mheshimiwa angekasirika. Mheshimiwa alitabasamu.

"Kozi ya nini, bibi yangu? Wewe ni hazina ya taifa. Sisi hatukukuhitaji wewe, tulihitaji sauti."

Akapunga mkono. Kwenye nguzo iliyosimikwa topeni usiku uliopita palikuwa na kipaza sauti mdomo wazi. Fundi mchangamfu akaigonga nguzo kwa kidole.

"Karibu!" ikasema sauti ya Nyamvula. "Karibu ndani, mgeni. Pita. Hapa ni kwako."

Wale vijana wakarudi, vichwa chini, wakaingia mikokoni. Nyamvula aliwapigia kelele wasiingie, akawaita kwa majina ya mama zao. Walimpita kwa heshima, mmoja akamwamkia shikamoo. Walikuwa wamekwisha karibishwa.

*

Nguzo zilisimikwa kutoka ufukweni mpaka katikati ya kijiji, zikaitwa Mitambo ya Ukarimu wa Taifa. Hazikuwa na ubaguzi. Kitu chochote kilichozigonga au kupaza sauti karibu nazo zilikijibu. Mbuzi aliyejikuna kwenye nguzo alikaribishwa, naye akaingia nyumba ya watu akala mkeka. Nazi ikianguka, karibu. Radi ikipiga, karibu, na hilo halikuchekesha mtu. Kwa heshima ya Nyamvula, ambaye sasa aliitwa Mwitikiaji Mstaafu, nguzo ya mwisho iliwekwa mlangoni kwa Mbeyu. Mtoto alikuwa akishtuka nayo kila mara, kwa hiyo Nyamvula aliuziba mdomo wa nguzo hiyo kwa matambara na udongo, nayo ikanyamaza.

Mikoko ikaisha. Mtu akilala kitandani Mkandaani aliiona bahari yote. Serikali iliita hiyo mandhari, ikaitoza ada.

Kisha mwezi ukaandama, na watu wakajua bamvua inakuja, kubwa. Wengine walifunga virago waende vilimani, lakini barabara ya malori ilikuwa na kizuizi, na askari wa kizuizini walikuwa wamesikiliza redio. Mheshimiwa alikuwa amesema kwamba bahari si adui, bahari ni mgeni, na anayemkimbia mgeni hana utu wala nafasi vilimani. Watu wakarudi. Wakafanya walichokijua. Alasiri ilipopita vinu vikasimama, punda wakafungwa midomo, na kimya kikatanda Mkandaani hata ukasikia chumvi ikikauka kwenye nguo.

Nyamvula alirarua kanga zake vipande vipande.

"Tia komeo," alimnong'oneza Mbeyu. "Mnyonyeshe asilie. Akigonga mtu usifungue, awe nani awe nani, mpaka usikie sauti yangu. Mimi nakwenda kuzinyamazisha zile nguzo, kisha nitakuja tukae wote."

"Mama, na ukichelewa?"

"Sitachelewa. Ningoje."

Alianza na nguzo ya ufukweni, kwa kuwa ndiyo iliyoitazama bahari uso kwa uso. Akapanda juu ya ndoo, akakishindilia kipaza sauti vitambaa mpaka ndani. Akaenda ya pili, akaishindilia. Maji yalikuwa yamefika vifundoni, ya vuguvugu, hayana haraka. Nyuma yake wimbi la kwanza likaja, zito, likaigonga nguzo ya kwanza.

Kimya.

Bahari ikavuta pumzi nyuma. Nyamvula alisimama amekishika kitambaa, hathubutu hata kumeza mate. Wimbi la pili likaja, likaigonga nguzo ya kwanza, likaigonga na ya pili.

Kimya. Na maji, naapa, yakasita. Yalisimama pale kama mtu anayetega sikio mlangoni, anayejiuliza kama wenyewe wamesafiri.

Wimbi la tatu likaanza kuinuka mbali, refu kuliko yale mawili, na Nyamvula akaona kwamba litazivuka nguzo alizoziziba na kuifikia ya tatu, ambayo mdomo wake ulikuwa wazi. Alikimbilia huko, akateleza kwenye kisiki cha mkoko, vitambaa vikamtoka vikachukuliwa na maji. Alipoinuka hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa na sauti tu. Akaigeukia bahari akaipasua ile sauti yote aliyopewa na Mungu, akasema neno ambalo Dzombo alilisema kabla yake.

"Mwenyewe hayupo! Hapana mtu humu!"

Nguzo ya tatu, iliyokuwa karibu na bega lake, ikasikia mtu amepaza sauti. Ikafanya kazi yake.

"Karibu!" ikasema. "Karibu ndani, mgeni. Pita. Hapa ni kwako."

Ya nne ikaisikia ya tatu, ikaitika. Ya tano ikaisikia ya nne. Karibu ikashika njia ya kijiji ikienda kwa miguu, nguzo kwa nguzo, na bahari, ambayo tangu dunia iumbwe haijawahi kuitikiwa na mtu, ikainamisha kichwa ikaingia. Ilimpita Nyamvula kifuani bila kumdhuru. Ilikuwa na adabu. Ilikuwa inakwenda kule ilikoitwa.

Chini ya mabati yake, Mbeyu alikuwa amekaa mgongo ukutani, titi kinywani mwa mtoto. Alisikia kelele mbali, upepo, vitu vikiburutwa. Alisikia karibu nyingi, hakuzijali, alizizoea. Nguzo ya mlangoni kwake ilikuwa bubu, mama mwenyewe aliiziba. Kisha kitu kikagonga nje, mara moja, kizito, kikasugua ukuta, na pale kwenye nguzo udongo ukabanduka taratibu, matambara yakaanguka yakaelea.

"Karibu," ikasema sauti ya mama yake, hapo hapo mlangoni, ile ya kumpokea mtu wa nyumbani.

Mbeyu alishukuru Mungu kwa sauti. Akampakata mtoto mkono wa kushoto, akainuka, na kwa mkono wa kulia akaondoa komeo.